Vibonyezo Visivyomwamsha Mtu

Ofisi yetu ya Kurasini ilipofungwa, nilichokikosa kwanza haikuwa kazi yenyewe, ilikuwa meza. Ilikuwa meza ya mbao nyembamba, ndani tupu, na miaka yote niliyokaa pale nikijaza karatasi za kutolea mizigo bandarini, vidole vyangu vilikuwa vinaigonga. Wenzangu walishazoea. Mmoja alikuwa akiniambia kwamba siku nikiugua, ofisi inakuwa kama imekatiwa umeme. Mie mwenyewe sikuwa najua kama nagonga mpaka mtu aniambie. Tangu utotoni, Mtwara, wageni wakija mama alikuwa ananiamuru nikalie mikono yangu.

Basi nikawa mtu wa nyumbani. Tulikuwa tumepanga chumba na sebule Temeke, kwenye nyumba yenye ua mmoja na wapangaji wengi. Mume wangu alikuwa zamu ya usiku kwenye yadi ya makontena, anaendesha ile mashine kubwa inayonyanyua kontena na kulipanga juu ya jingine. Anarudi asubuhi, anaoga, anakunywa chai, analala hadi alasiri. Kwa hiyo mchana kutwa nyumba yetu ilikuwa nyumba ya mtu aliyelala. Mapazia yameshushwa, feni inazunguka, na mie nimekaa sebuleni, kati yangu na kitanda chake kuna pazia tu, sina pa kuweka mikono.

Mwanzoni nilifua. Nilifua mpaka vitu visivyochafuka, foronya za akiba, mfuko wa kubebea mkaa. Halafu nikawa natoka kutembea. Nilikuwa nafika mpaka kwenye viwanja vya maonyesho, nageuka, narudi, na nikishika tu kitasa cha mlango nataka kuondoka tena. Nilikuwa nimepeleka barua za maombi kila ofisi ya wakala wa forodha niliyoijua, na kila simu ikiita moyo unapiga kabla mkono haujaifikia. Mara nyingi alikuwa ni mama, anauliza kama nimekula.

Kitu nilichotoka nacho ofisini kilikuwa laptopu ya zamani ambayo hakuna aliyeitaka. Nikaiwekea programu ya bure ya kutengeneza muziki, nikavaa hedifoni, nikaanza kutunga biti. Singeli ndiyo iliyokuwa inanipa raha, kwa sababu ni muziki usiotulia. Unakimbia kuliko mawazo yangu yalivyokuwa yanakimbia. Lakini kupanga ngoma moja moja kwa kipanya kulinikera. Ilikuwa kama kujaza karatasi za bandari. Nilitaka kupiga kwa mikono. Kwenye simu nikaona video za watu wanaojitengenezea visanduku vyenye vibonyezo, wanaviunganisha na kompyuta, wanapiga ngoma kama wanapiga meza. Nikaziangalia video hizo mpaka bando likaisha.

Karibu na soko kulikuwa na fundi wa redio na televisheni, mwanamume wa makamo aliyependa zaidi kubishana kuhusu mpira kuliko kufungua redio. Nikamweleza ninachotaka. Akasema hajawahi kutengeneza kitu kama hicho, ila vibonyezo anavyo. Nyuma ya kibanda alikuwa na mabaki ya mashine za kamari, zile watu wanaziita dubwi, zilizokufa. Akaving'oa vile vibonyezo vikubwa vya mviringo, vyekundu, vya njano, vya kijani, akanimiminia kwenye mfuko. Kule Kariakoo nikanunua kibao kidogo cha saketi, kifupi kuliko kidole changu cha kati, ambacho kazi yake ni kusoma waya upi umeguswa na kuiambia laptopu ipige sauti gani.

Nilijifunza kulehemu kwenye benchi la fundi yule, nikaunguza kidole gumba na kanga moja. Vibonyezo vilikuwa vingi kuliko matundu ya kibao, kwa hiyo nikaviunga kwa safu, waya za mlalo na waya za wima, kila kibonyezo kikikaa pale zinapokutana. Nikafurahi, nikabonyeza kimoja, kikalia. Viwili, vikalia. Nikibonyeza vitatu kwa pamoja, cha nne ambacho sijakigusa nacho kinalia. Nilidhani nimeunganisha vibaya, nikafumua zote, nikaunganisha upya, hali ikawa ileile. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba umeme ulikuwa unazunguka kwa mlango wa nyuma, unapita kwenye vile vitatu na kufika kwa yule wa nne. Dawa yake ni diodi, kile kijipande kinachoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu. Fundi akaninyofolea diodi kutoka kwenye redio mbovu, huku ananiambia mchezaji gani hakustahili kuanza jana yake. Nikaweka moja kwa kila kibonyezo. Yule wa nne akanyamaza.

Sanduku lilikuwa la ubao wa kabati lililovunjika. Nikaliweka mezani sebuleni, hedifoni masikioni, nikapiga mchana kutwa. Kwangu mie ilikuwa ngoma. Nje ya hedifoni, ambako mume wangu alikuwa amelala, ilikuwa ni ta-ta-ta-ta ya plastiki, maana vile vibonyezo vilitengenezwa visikike kwenye baa yenye kelele.

Hakulalamika. Huyu ni mtu wa Njombe, mpole, anayeweza kukaa na neno mpaka ukadhani hana. Alikuwa anageuka tu kitandani. Siku nyingine aliamka mapema, akaenda kukaa uani na taulo begani, macho mekundu. Nikamuuliza kama nimemwamsha, akasema ni joto.

Halafu asubuhi moja alirudi, hakwenda kuoga. Alikaa kwenye kochi akiwa bado na viatu vya kazi, akaweka kofia ngumu magotini.

"Nilisinzia," akasema. "Kontena lilikuwa juu. Chini kulikuwa na watu."

Nikamuuliza imekuwaje. Akasema haikuwa chochote, mwenzake alipiga honi, akashtuka, akalishusha salama. Hakusema habari za vibonyezo. Hakuhitaji kusema. Alipokwenda kuoga nililichukua lile sanduku nikalisukumia chini ya kochi mpaka likagonga ukuta.

Sikuligusa kwa muda. Niseme ukweli, kipindi kile ndicho nilichokuwa mbaya zaidi kuishi naye. Sufuria nilikuwa naziweka chini kwa uangalifu kama mayai, halafu namkasirikia mtu aliyelala kwa sababu ya uangalifu wangu mwenyewe. Nilikuwa nakwenda kukaa kwa jirani, naondoka kabla chai haijachemka. Nilivuka mpaka Kigamboni kwa pantoni bila shughuli yoyote, nikashuka, nikanunua muhogo wa kuchoma, nikapanda pantoni ileile inayorudi. Nikiwa nimesimama kati ya pikipiki na watu, nikagundua vidole vyangu vinagonga bomba la chuma la pembeni, na bomba lile halitoi sauti. Lilikuwa nene mno. Nikaendelea kugonga mpaka upande wa pili, na nilipofika nilishajua nataka nini. Kama sanduku lingekuwa na vibonyezo laini, visivyotoa sauti nje ya hedifoni, tungeishi wote mle ndani.

Nikaanza kutafuta vitu laini. Kwanza nilifungua rimoti mbovu ya televisheni. Ndani yake kuna kipande kimoja cha mpira chenye vidonge, na chini ya kila kidonge kuna doa jeusi linalopitisha umeme. Hakitoi sauti kabisa. Nikakusanya mipira ya rimoti kila kona ya mtaa, nikatengeneza kisanduku kingine, kikafanya kazi. Ila vidonge vilikuwa vidogo, na tabu kubwa zaidi ni kwamba havikujua tofauti ya kugusa na kupiga. Ukigusa kwa upole, ngoma inalia vilevile kama umeipiga kwa hasira. Nikakivunja mwenyewe.

Fundi, nilipomweleza, akafungua droo akanionyesha sponji nyeusi ambayo vijiguu vya vipande vya saketi huchomekwa ili visiharibike safarini. Tukaipima kwa mita. Ukiiacha, umeme unapita kwa shida. Ukiibana, unapita zaidi. Ukiibana sana, unapita sana. Hapo nikajua nimefika. Nikakata vipande, juu karatasi ya foili, chini karatasi ya foili, katikati sponji, waya mbili, na rezista moja ya kukiwezesha kibao kusoma badiliko. Fundi akaanza kuviita pedi, nikamwomba atafute jina jingine, kwa sababu wateja wake wanaume walikuwa wanatuangalia vibaya. Akacheka, tukarudi kwenye vibonyezo.

Sponji ilinipa furaha kubwa, halafu ikachoka. Baada ya kupigwa sana ilikuwa hainyanyuki tena, inabaki bapa kama mkate uliokaliwa, na sauti inafifia. Na fundi hakuwa na nyingine. Nikazunguka Kariakoo duka hadi duka nikiulizia sponji nyeusi, wakanionyesha za kuoshea vyombo. Nyumbani nikawa napima kila kitu kwa mita niliyoazima: mpira wa baiskeli, kapeti, mfuko wa nailoni, unga wa mkaa uliochanganywa na gundi. Mkaa ulipitisha umeme, ila ulipasuka ukikauka, ukachafua kochi. Usiku nilikuwa nazungumza habari hizo wakati mume wangu anajiandaa kwenda kazini, nikimweleza kwamba ile mifuko ya kung'aa wanayofungia vifaa vya kompyuta haifai, ila nimesoma kwamba ile myeusi inafaa, na sijaiona popote. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Nilidhani hanisikii.

Asubuhi moja akaweka mezani kile kikopo chake cha chakula, na chini yake kulikuwa na mfuko mweusi uliokunjwa vizuri, mkubwa, mzito kidogo kuliko nailoni ya kawaida. Akaniambia mafundi wa umeme wamebadilisha kifaa kwenye mashine yake, mfuko walikuwa wanautupa, akawaomba. "Sijui kama ndio wenyewe," akasema, akaenda kuoga.

Nikauwekea mita hata kabla maji hayajaanza kumwagika bafuni. Ulikuwa wenyewe.

Mfuko ule hauchoki kama sponji, kwa sababu ni plastiki tambarare. Unaubana kati ya foili mbili, unauachia, unarudi ulivyokuwa. Chini nikaweka soli za ndala kuukuu ili mkono upate kitu cha kuegemea. Ikabaki ngozi ya juu. Nilihitaji kitambaa kizito kidogo, kisichovutika, kisichochakarisha kucha zikipita juu yake. Nikapekua kabati, na mkono ukatua kwenye sketi yangu ya kazini, ya bluu iliyokolea. Nilikaa nayo mapajani kwa muda. Simu ilikuwa kimya kama kawaida yake. Nikachukua mkasi, nikaikata kuanzia pindo.

Mume wangu alipoamka aliona mabaki ya sketi sakafuni. Aliyaokota, akayakunja, akayaweka juu ya kabati.

Siku iliyofuata nilipiga kwa mara ya kwanza kwa nguvu zote. Nilipiga kwa viganja, kwa vidole, kwa visigino vya mikono. Masikioni mwangu kulikuwa na vurugu ya harusi nzima, na nje hakuna kitu. Sijui nilipiga kwa muda gani. Nilipoinua kichwa, mume wangu alikuwa amesimama kwenye pazia, ananiangalia. Nikavua hedifoni, nikajua nimemwamsha tena.

"Unapiga au umeacha?" akauliza.

"Napiga."

"Nilidhani umeondoka. Nimeamka, nikasikiliza, nikaona kimya."

Akasema siku zile za ta-ta-ta alikuwa akizinduka anajua nipo. Sasa alizinduka kwenye kimya, akawa anajiuliza nimekwenda wapi safari hii na nitarudi saa ngapi. Sikujua kama nilikuwa naonekana hivyo, kama mtu ambaye anaweza kutorudi. Nikamvalisha hedifoni, nikampigia kidogo. Aliinamisha kichwa, akabonyeza kimoja kwa dole gumba, taratibu, halafu kwa nguvu, akasikia tofauti. Akasema ni kama leva ya mashine yake, ukiisukuma kidogo kontena linatembea kidogo. Kisha akarudi kulala. Kuanzia hapo, kila nilipokaa kupiga nilikuwa naliacha pazia wazi, ili akizinduka anione.

Ni yeye aliyemwambia mama mwenye nyumba. Mjukuu wa mama huyo alikuwa anaolewa, shughuli inafanyika mchana palepale mtaani, turubai limefungwa kutoka ukuta wetu hadi ukuta wa ng'ambo. Mama akaniita uani.

"Mwanangu, mumeo ananiambia una ngoma ya umeme umeitengeneza kwa mikono yako."

Nikamwamkia, nikaanza kueleza kwamba bado haijawa tayari, kwamba naipigia ndani tu, kwamba mtu wa muziki wa shughuli tayari yupo. Akasema huyo mtu wa muziki ni kijana wa jirani, ameshaongea naye, nitapiga wakati bibi harusi anabadilisha nguo. Nikarudi ndani nikiwa nimemkasirikia mume wangu, na pia nikiwa nimeshaanza kupanga sauti gani iwe wapi.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali, na meza ya muziki ilikuwa imewekwa nje kidogo ya turubai, karibu na jenereta. Yule mpigaji muziki aliniunganishia waya wa laptopu kwenye spika zake, akanipa nafasi, akasogea pembeni akiwa amekunja mikono. Sanduku langu lilikuwa limekaa juani tangu asubuhi. Nilikuwa nimelijaribu chumbani chini ya feni, sikuwahi kulijaribu mahali pengine.

Nikapiga mara ya kwanza, spika zikaitikia, kina mama wakageuka. Nikapiga mzunguko mmoja, wa pili. Halafu ile ngoma ndogo ya juu, ya kona ya kushoto, ikaanza kulia yenyewe. Gundi ilikuwa imelainika kwa joto, foili imelegea na kugusa mfuko nusunusu, si kubanwa si kuachiwa, na kile kibao kilikuwa kinasoma mtetemo huo kama mtu anayepiga kwa kasi ambayo binadamu haiwezi. Tri-ri-ri-ri, inasimama, tri-ri, inaanza tena bila mpangilio. Nikaibonyeza, ikazidi. Nikaiacha, ikabadilisha mwendo.

Wakati huo kina mama wameshaingia katikati, kanga zimefungwa viunoni, vumbi linapanda. Walidhani ndiyo ngoma yenyewe. Mama mwenye nyumba alikuwa mbele yao. Sikuwa na la kufanya ila kuikimbiza. Kila ilipokimbia niliipigia ngoma nzito chini yake, kila iliposimama niliijazia. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Mwishowe niliona itanishinda, nikaingiza ukucha chini ya kitambaa, nikaushika waya wake, nikaukata. Nikamalizia na vibonyezo vilivyobaki, kwa utulivu, vizuri, kama nilivyokuwa nimefanya mazoezi. Nikaona watu wanarudi kwenye viti.

Yule mpigaji muziki akaniinamia sikioni.

"Dada, ile ya mwanzo. Ile iliyokuwa inakimbia yenyewe. Irudie."

"Ile ilikuwa imeharibika."

"Basi iharibu tena."

Nilicheka, ila yeye hakucheka. Shughuli ilipokwisha alinifuata hadi mlangoni, akataka kusikiliza kama nimeirekodi. Sikuwa nimerekodi. Akaniambia ana shughuli nyingine Mbagala, nyingine Goba, na kwamba nikiweza kuipata ile sauti tutakwenda wote. Mume wangu alikuwa amesimama pale, amekosa usingizi wake kwa ajili ya harusi, amevaa shati jeupe. Akaniuliza kwa nini sura yangu imekuwa hivyo wakati watu wamefurahi. Nikamwambia kwamba wamefurahia kitu ambacho sikukifanya mie. Akafikiri, akasema alikuwa ananiangalia mikono muda wote, na mikono ilikuwa inafanya kitu.

Muda si mrefu simu ikaja, ya kweli, ofisi ya wakala mwingine palepale Kurasini. Nikaazima sketi kwa jirani, nikaenda, nikapata kazi ya nusu siku, asubuhi tu. Kwa hiyo mchana nakuta mume wangu amelala, navua viatu mlangoni, nachukua sanduku. Nimelitengeneza upya mara nyingi. Nimejaribu gundi dhaifu, foili iliyokunjamana, tundu dogo lililotobolewa kwenye mfuko. Nimeandika kwenye programu maagizo ya kuiga mtetemo ule. Unasikika kama mashine ya kushonea. Yule wa muziki husikiliza kwenye simu, ananijibu kwa neno moja, bado.

Juzi nililitoa kibarazani, nikaliweka juani, nikakaa pembeni yake kwenye kigoda nikisubiri liharibike. Mume wangu akatoka amevaa nguo za kazi, kofia mkononi, akalitazama kama anavyolitazama gari la mtu mwingine lililozimika barabarani.

"Linasemaje?"

"Linafanya kazi vizuri," nikamwambia.

Akasema pole, na alimaanisha. Akaniuliza kama atanikuta asubuhi bado nimekaa hapo. Nikamwambia sijui. Alipokata kona nilisogeza sanduku mahali ambapo jua lilikuwa bado linafika, nikainua kona ya kitambaa kwa ukucha, nikaisugua foili kwa kidole chenye jasho, nikasikiliza kwenye hedifoni. Ikalia mara moja, ikanyamaza. Nikaisugua tena.